Unga ni chakula, lakini vumbi yake iko na mpaka gani?



Mujomba wangu alifanya kazi ya mikate miaka 11 hapa Bukavu. Kila usiku alikuwaka anamwanga magunia ya unga, kisha anafagia na ufagio mukavu. Mwaka jana kifua kikafunga. Kwa munganga walimuuliza kama anavuta tumbaku, kama mu familia kuko asma. Hakuna mwenye alimuuliza anafanyaka kazi gani. Patron naye akasema: unga ni chakula, utauaje mutu?

Njo maana nilianza kusoma historia ya hii mambo.

Mu 1700, munganga Bernardino Ramazzini wa Italia alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliandika kama wasagaji na watengenezaji wa mikate wanakohoa, sauti inakauka, pumzi inakuwa fupi. Aliwaomba waganga waongeze ulizo moja kwa mugonjwa: unafanyaka kazi gani? Miaka 300 imepita, na mujomba hakuulizwa ile ulizo.

Kujua hatari ni kitu kimoja, kuweka mpaka ni kingine. Kwa muda murefu unga ulihesabiwa kama vumbi ya kawaida tu. Uingereza iliweka miligramu 10 mu metre cube moja ya hewa kwa masaa 8. Marekani, mu 2001, wataalamu wa ACGIH wakapendekeza 0.5. Tupige hesabu: mutu mwenye kufanya kazi anavuta karibu metre cube 10 kwa masaa 8. Kwa mpaka wa kwanza, miligramu 100 za unga zinaweza kumupitia puani. Kwa wa pili, 5 tu. Mara 20!

Mu 2004, wataalamu wa Uholanzi wakasema wazi: kwa unga wa ngano hatuoni kipimo chenye chini yake hakuna hatari. Basi wakageuza ulizo: tunakubali watu wangapi wa ziada mwili wao uanze kukataa unga? Kwa mutu 1 juu ya 100, wakapata 0.12.

Ku nyumba ni vile vile. Mu miaka ya 1960, watafiti wa Leiden walionyesha kama kadudu kadogo ka mu matandiko njo kanaleta alerji ya vumbi ya nyumba. Mu 1987 wataalamu walikutana Ujerumani, wakapendekeza mikrogramu 2 za alerjeni ya kale kadudu mu gramu moja ya vumbi. Kisha ikaonekana kama kuko watoto wanapata alerji hata chini ya pale.

Kwa hiyo namba haiko ukuta wenye nyuma yake kuko salama. Ni mapatano: nani atabeba hatari, na kiasi gani. Shida ni kama mujomba hakuitwa ku ile mapatano.

Sisi ma-agronome tunapimaka mavuno mpaka kilo ya mwisho, lakini vumbi ya ule unga hatuipimi. Tukingojea mashini ya kupima, tufanye yenye hailipishi sana: kumwanga unga polepole na karibu na beseni, kupakaa mafuta ku meza pahali pa kunyunyiza unga, kufagia na kitambaa chenye maji. Na ukikutana na mutu mwenye kukohoa, umuulize ulizo ya Ramazzini.

Mujomba sasa anauzisha makala. Ile nayo iko na vumbi yake.