Mwili Usiooza na Kazi ya Daktari

Mwezi wa Januari 2001 jeneza la Papa Yohane XXIII lilifunguliwa mjini Vatikano, na uso wake ukaonekana mzima, ingawa alikuwa amezikwa tangu Juni 1963. Habari hiyo ilipotufikia kwa redio, sisi tuliokuwa tukifundisha katekisimu tuliipokea kwa shangwe, tukawaambia watoto wa komunyo ya kwanza kwamba huo ni muujiza. Vatikano yenyewe haikusema hivyo. Ilieleza kwamba mwili ulitiwa dawa, kisha ukafungiwa ndani ya majeneza matatu, mojawapo la risasi. Basi, wapendwa vijana, tuliwafundisha watoto jambo ambalo Kanisa halikulifundisha, na yatupasa kulisahihisha.

Mwili wa Baba Mtakatifu huwekwa wazi siku kadhaa ili waamini wamuage, na joto halimheshimu mtu. Kwa hiyo, tangu Sixtus V aliyefariki 1590 hadi Leo XIII aliyefariki 1903, viungo vya ndani vya mapapa wengi vilitolewa na kuhifadhiwa katika kanisa la Watakatifu Vinsenti na Anastasi, karibu na chemchemi ya Trevi mjini Roma. Papa Pius X ndiye aliyeikomesha desturi hiyo.

Wakati huo dawa nyingine ilikuwa imekwisha patikana. Zamani matabibu wa Ulaya walidunga maiti aseniki, sumu kali ambayo Ufaransa iliipiga marufuku katika kazi hiyo mwaka 1846. Lakini mwaka 1893 daktari mmoja wa Frankfurt, Ferdinand Blum, alikuwa akijaribu formalini kama dawa ya kuua vijidudu, akagundua kwamba ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekuwa ngumu. Akafahamu kwamba kitu kinachokaza ngozi ya aliye hai kinaweza kuikaza nyama ya maiti isioze. Formalini, ambayo huku kwetu twaiita formole kwa kuwafuata Wafaransa, ni hewa ya formaldehidi iliyoyeyushwa katika maji. Huzifunga protini za mwili pamoja, kama nyuzi zilizotiwa mafundo, hata vijidudu vya kuozesha visiweze kuzifungua. Aliyewahi kuingia chumba cha maiti ameijua kwa macho yake kutoka machozi, hata asiye na msiba. Si mchezo: tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeihesabu formaldehidi miongoni mwa vitu vinavyowaletea watu ugonjwa huo.

Sasa tuwatazame mapapa wawili waliofuatana. Pius XII alifariki Castel Gandolfo tarehe 9 Oktoba 1958. Tabibu wake, Riccardo Galeazzi-Lisi, ambaye kwa elimu yake alikuwa daktari wa macho, alidai kwamba amepata njia ya Wakristo wa kale: hakupasua wala hakudunga kitu mishipani, bali aliupaka mwili mafuta yenye harufu nzuri na kuufunika kwa selofani. Selofani ikazuia joto lisitoke. Mwili ukaharibika upesi mbele ya waombolezaji, na walinzi waliosimama kando yake wakalazimika kupokezana mara kwa mara. Tabibu huyo, aliyekuwa pia ameuza kwa magazeti habari za siku za mwisho za Papa, alifukuzwa Vatikano.

Miaka mitano baadaye, usiku wa tarehe 3 Juni 1963, aliitwa Gennaro Goglia, mtaalamu wa anatomia wa Chuo Kikuu Katoliki cha Moyo Mtakatifu. Yeye alipitisha dawa yenye formalini katika mishipa ya marehemu, polepole, hata ikaenea mwilini. Jeneza lilipofunguliwa 2001 alikuwa angali hai, akasimulia mwenyewe jinsi alivyoifanya kazi ile.

Yohane XXIII alitangazwa mtakatifu mwaka 2014, kwa maisha yake. Formalini haikuhesabiwa.

Mmoja wa watoto wetu wa 2001, ambaye leo ni baba wa familia, alitujia mwaka jana akiwa amefiwa na mama yake. Ndugu walitoka mbali, mwili ukangoja siku nne, umeme ukakatika katika chumba cha maiti, na fedha za dawa hazikupatikana. Jeneza halikuweza kufunguliwa kanisani. Baada ya matanga akatuuliza, kwa sauti ya chini, kama mama yake alikuwa na dhambi ambayo wao watoto hawakuijua. Hakuwa amelisahau fundisho letu. Tukamketisha, tukamwomba msamaha, tukamsimulia habari ya Pius XII na ile selofani.