Namba ya NIDA na hatari ya kutafuta kumbukumbu kwenye Excel

Na Mwandishi Wetu, Tanga

TUCHUKULIE chama cha kuweka na kukopa kilichopo Chumbageni, jijini Tanga. Majina na salio za wanachama zimo katika hifadhidata, ilhali orodha ya makato ya mwezi huandaliwa kwenye lahajedwali ya Excel. Karani anatakiwa kuleta salio la kila mwanachama mbele ya jina lake. Kazi hiyo huonekana nyepesi, lakini ikikosewa, mkopo wa mtu huweza kukatwa kwenye mshahara wa mwingine.

Fomula inayotumiwa zaidi ni VLOOKUP. Huandikwa hivi: =VLOOKUP(A2,Wanachama!A:D,4,FALSE). Maana yake ni kwamba programu ichukue namba iliyo katika seli ya A2, iitafute katika safu ya kwanza ya karatasi iitwayo Wanachama, kisha irudishe kilichomo katika safu ya nne.

Neno FALSE ndilo linalosahaulika mara nyingi. Likiachwa, Excel hutafuta jibu la kukaribiana na huchukulia kuwa orodha imepangwa kuanzia namba ndogo hadi kubwa. Isipopangwa hivyo, huweza kuleta salio la mtu mwingine bila onyo lolote. Ni afadhali alama ya #N/A, ambayo walau humwambia karani kuwa hakuna kilichoonekana.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi kwa ofisi za Tanzania limo katika namba yenyewe. Namba ya Kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazobaki huzigeuza kuwa sifuri. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja huweza basi kubaki na namba moja, kwani tofauti yao imo katika tarakimu za mwisho zilizofutwa. VLOOKUP humchukua wa kwanza imwonaye na kumwacha wa pili.

Sifuri hizo zikishaingia hazirekebishiki kwa kubadili mwonekano wa seli. Ni lazima kurudi kwenye hifadhidata. Kinga yake ni kuitenga safu hiyo kuwa ya maandishi, yaani Text, kabla ya kubandika chochote. Faili la CSV nalo lisifunguliwe kwa kulibofya mara mbili, bali liingizwe kupitia menyu ya Data, ambako aina ya kila safu huchaguliwa. Namba za simu huhitaji uangalifu huo huo, la sivyo 027 ya Tanga hubaki 27.

Fomula ya =ISTEXT(A2) ikijibu TRUE, seli ina maandishi. COUNTIF isitumiwe kusaka namba za NIDA zilizojirudia, maana huzisoma kama namba hata zikiwa maandishi, na huweza kumtuhumu mwanachama asiye na kosa. Aidha, namba yenye vistari na isiyo navyo hazilingani, SUBSTITUTE huviondoa.

Ofisi yenye mtaalamu inaweza kuiunganisha Excel na hifadhidata moja kwa moja kwa njia ya ODBC, kisha kubofya Refresh kila mwezi badala ya kunakili. Akaunti inayotumika iwe ya kusoma tu.

Tangu mwaka 2019 Microsoft ilipotangaza XLOOKUP, suala la FALSE limepungua, kwa kuwa fomula hiyo hutafuta jibu kamili bila kuambiwa. Haimo, hata hivyo, katika matoleo ya zamani ambayo bado yamo katika kompyuta za ofisi nyingi. Wanaotumia LibreOffice, mrithi wa OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, wataikuta VLOOKUP ile ile, na namba ya NIDA waiingize vivyo hivyo kama maandishi.