Mtambo wa Pombe Kali Ukigeuzwa Kiwanda cha Bia na Kimea: Maelezo ya Historia kwa Wanachama na Wazee

Katika mkutano mkuu wa Chama chetu swali moja lilichukua wakati mrefu kuliko hesabu za fedha na uchaguzi wa viongozi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya watu kufa huko Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu, Serikali ilisimamisha vibali vya viwanda vya pombe kali vinavyoitwa vya kizazi cha pili, mpaka vikaguliwe upya. Baadaye mwenye kiwanda kimoja, ambaye hatutamtaja, aliwaendea baadhi ya wanachama na kuwaambia ya kuwa anataka kuugeuza mtambo wake uwe wa bia na wa kimea, na ya kuwa watakaonunua hisa mapema watavuna. Fedha alizozilenga ni zile za mfuko wetu wa mazishi na karo. Wazee walikataa kwa sababu ya ulevi. Vijana walitaka kwa sababu ya faida. Halmashauri iliagizwa kutafuta habari za watu waliotangulia kufanya biashara ya namna hii na kuziandika katika kitabu cha mwaka, ndiyo haya maelezo.

Hapana budi tuanze na kazi yenyewe, maana mle mkutanoni wengi walidhani ya kuwa pombe kali na bia ni kitu kimoja kilichotiwa katika chupa mbili. Asili yake yaweza kuwa moja, nayo ni kimea. Shayiri hulowekwa kwa siku mbili hivi, hutandazwa na kugeuzwa kwa siku nne au tano hata itoe mizizi midogo, kisha hukaushwa kwa moto kabla chipukizi halijaimaliza punje. Mama zetu waliomea wimbi na mtama kwa kuulaji na busaa walifanya kazi hiyo hiyo, wala hawakuhitaji fundi wa kuwaeleza. Kimea kikisagwa na kutiwa maji ya moto, wanga wake hugeuka sukari, na maji yale matamu ndiyo yanayotiwa hamira. Hapo njia huachana. Mpika bia huyachemsha maji matamu pamoja na maua ya hopsi kabla ya kutia hamira, kisha huiweka bia katika baridi kwa majuma kadhaa. Mwenye pombe kali hachemshi wala hatii hopsi. Huyaacha yachachuke, kisha huyakeneka, yaani huyapasha moto katika chungu kikubwa cha shaba hata kileo kipande kama mvuke, akaupoza na kuukinga.

Basi kiwanda cha pombe kali kinachotumia shayiri chaweza kweli kugeuzwa. Tayari kina maghala, sakafu ya kumea, tanuri, mapipa ya kuchachushia na maji mazuri. Kitakachokosekana ni birika la kuchemshia hopsi, mashine za baridi, machujio, na mahali pa kuoshea chupa na mapipa, vitu ambavyo bei yake si ndogo. Lakini viwanda vingi vya hapa kwetu havikuwa vya namna hiyo. Vilinunua spiriti iliyokwisha kukenekwa kutokana na molasi ya miwa, vikaichanganya na maji na rangi na manukato, vikatia katika chupa. Hapo hapana sakafu ya kumea, hapana tanuri, hapana hata punje ya shayiri. Mwenye kiwanda cha namna hiyo akisema atakigeuza kiwe cha kimea, maana yake atajenga kiwanda kipya, na anachokuwa nacho cha kuanzia ni ukuta, lango na mashine ya kutia vifuniko.

Mfano mzuri wa kugeuza twauona Uskoti, karibu na mji wa Montrose. Mwaka 1897 kinu cha kusokota kitani kiligeuzwa kiwe kiwanda cha wiski. Miaka ile ilikuwa ya tamaa kubwa. Matajiri walijenga viwanda vya wiski kwa fedha za kukopa, na watu wa kawaida wakaweka akiba zao humo. Mwezi wa Desemba 1898 wafanya biashara wawili wa Leith, ndugu wa ukoo wa Pattison, walishindwa kulipa madeni yao. Ikaonekana ya kuwa hesabu zao zilikuwa za udanganyifu, na mwaka 1901 walifungwa gerezani. Anguko lao liliwavuta wengi waliokuwa wakiwauzia na kuwakopesha. Kiwanda cha Montrose kilipita mikononi mwa watu mbalimbali, kikafungwa, na mwaka 1938 kikafunguliwa tena kwa kukeneka nafaka nyingine. Mwaka 1964 kilirudishwa kwenye wiski ya shayiri, na mwaka 1968 kikajengewa mitambo mikubwa ya kumea, ya namna ya mapipa yanayozunguka. Mwaka 1985 vyungu vya shaba vilizimwa. Mitambo ya kimea haikuzimwa; mwaka 1996 iliuzwa kwa kampuni ya kimea, na kazi hiyo ikaendelea. Sababu yake si ngumu kufahamu. Chungu cha kukenekea kilitegemea wanywaji wa wiski ya jina lake peke yake, lakini kimea hununuliwa na kila mwenye kiwanda, hata mshindani wako.

Ila Uskoti mnywaji na mwenye hisa waliweza kuwa mtu mmoja. Kwa hiyo twaomba wanachama watufuate hadi Afrika ya Kusini, ambako mambo yalikuwa ya namna nyingine, na ambako desturi moja ya mji wetu wa Nairobi ilitoka.

Mwaka 1881 serikali ya Makaburu wa Transvaal ilimpa Alois Hugo Nellmapius, mzaliwa wa Hungaria, haki ya peke yake ya kukeneka pombe kali kutokana na nafaka na viazi vya nchi ile kwa miaka 15, naye alipe pauni 1,000 kila mwaka. Aliungana na Sammy Marks na Isaac Lewis, wakajenga kiwanda katika shamba la Hatherley, mashariki ya Pretoria. Mwaka 1883 Kruger, mzee asiyeonja kileo, alikifungua na kukiita Tumaini la Watu. Alikuwa na hoja yake: mkulima wa Kikaburu atapata mahali pa kuuzia nafaka. Hatumcheki. Hata mwenye kiwanda aliyekuja kwetu alianza na habari za mkulima.

Mwaka 1886 dhahabu ikaonekana Witwatersrand, na soko la Hatherley likahama kutoka kwa Makaburu likawaendea Waafrika wa migodini. Mwaka 1890 wachimbaji Waafrika walikuwa kama 14,000. Mwaka 1899 walikaribia 100,000, na zaidi ya nusu walitoka nchi ya Wareno, Msumbiji. Mwaka 1892 kiwanda kilifanywa kampuni ya hisa. Wenye migodi hawakuona vibaya mara ya kwanza, kwa maana mtu anayenywa mshahara wake hawezi kuweka akiba ya kurudi kwao, naye hubaki kazini. Neno hili lilisemwa waziwazi siku zile, na sisi twaliandika ili vijana wetu walijue. Reli ya kutoka Lourenço Marques ilipofika Pretoria ikaja spiriti rahisi zaidi, iliyotengenezwa Ujerumani kwa viazi na kupitishwa kwa Wareno ili ikwepe ushuru. Ushindani ukawa mkali na pombe ikazidi kuwa mbaya. Watu walikufa katika vichaka kati ya kilabu na kambi.

Hapo wenye migodi wakageuka. Walihesabu ya kuwa kati ya sehemu 15 na 25 katika kila mia ya wafanya kazi wao hawafai kazi kwa sababu ya ulevi, na hasara ile iliwauma kuliko roho za watu. Wakaisukuma serikali hata ikatoa sheria nambari 17 ya mwaka 1896: tangu tarehe 1 Januari 1897 ni marufuku kumwuzia Mwafrika kileo. Kwa siku moja wateja wakubwa wa Hatherley wakaondolewa kwa kalamu. Biashara ya magendo ilishika nafasi yao mpaka vita vya 1899, na Waingereza walipotwaa nchi marufuku iliendelea.

Wakati uo huo bia ilikuwa ikipanda. Mwaka 1895 iliandikishwa London kampuni ya South African Breweries, iliyopika bia ya Castle huko Johannesburg, na mwaka 1897 hisa zake ziliingia katika soko la Johannesburg, za kwanza za kampuni ya kiwanda. Wanywaji wake walikuwa wale ambao sheria iliwaruhusu, yaani Wazungu. Mwafrika wa Afrika ya Kusini hakuruhusiwa kununua bia ya chupa kwa uhuru mpaka mwaka 1962. Na mwenye hisa naye hakuwa yeye.

Je, pombe ya Mwafrika ilikwenda wapi? Ilichukuliwa na manispaa. Kwa sheria ya Natal ya mwaka 1908, mji wa Durban ulijipa ukiritimba wa kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya mtama. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa kupika wakawa wahalifu, na faida ikatumika kujenga mabweni ya wafanya kazi na kulipia utawala wao. Mwaka 1929 Waafrika wa Durban waliyasusia majumba ya pombe na watu wakauawa katika ghasia. Mwaka 1959 akina mama wa Cato Manor walisusia tena.

Nairobi uliufuata mfano huo. Tangu miaka ya 1920 Baraza la Mji lilipika na kuuza pombe Pumwani, na faida ikatiwa katika mfuko wa ustawi wa Waafrika. Bibi aliyepika nyumbani kwake alikamatwa. Pombe ya Baraza ilikuwa halali. Wako wazee wetu wanaoyakumbuka majumba yale, na mmoja alituambia kwa kicheko ya kuwa Mwafrika alijengewa ukumbi kwa kikombe chake mwenyewe, kisha akaambiwa ashukuru. Kampuni ya bia iliyoanzishwa Kenya mwaka 1922 na ndugu wawili Hurst pamoja na mwenzao ilipikia Wazungu kwanza. Mwafrika aliruhusiwa kuinunua baada ya Vita Kuu ya Pili.

Wanachama watauliza: si mambo ya zamani hayo? Yatazameni ya karibu. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na sheria ya mwaka 2010 ikaondoa marufuku hiyo. Katikati yake, mwaka 2004, ilitolewa bia ya bei nafuu ya mapipa ya chuma, nayo Serikali ikaisamehe ushuru ili mnywaji wa chang'aa aiache. Wakulima wa mtama wa Ukambani na Nyanza wakapata mnunuzi. Mwaka 2013 Serikali iliporudisha nusu ya ushuru, mauzo yakaanguka kwa zaidi ya nusu, mikataba ya mtama ikavunjwa, na wengi wakarudi kwenye chang'aa. Mwaka 2015 nafuu ikarudishwa. Mtambo ulikuwa ule ule siku zote, na mkulima yule yule.

Kwa hiyo Halmashauri ilimwandikia mwenye kiwanda maswali matano: kama ana sakafu ya kumea au tanuri, shayiri itatoka kwa nani, na kwa mkataba gani, nani amekwisha kuahidi kununua kimea, bei ya bia yake itakuwaje nafuu ya ushuru ikiondolewa, na wenye hisa wadogo watapata viti vingapi katika baraza la wakurugenzi. Amejibu mawili. La kwanza alijibu ya kuwa sakafu itajengwa, na la tano ya kuwa jambo hilo litazungumzwa baadaye. Fedha za mfuko bado ziko benki, na barua zake zote zitasomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu ujao.