Mti Wenye Mafuta Yake

Zamani adui wa saa alikuwa mafuta yake. Yalitiwa ili kupunguza msuguano, kisha yakaganda, na saa ikasimama. Seremala Mwingereza, John Harrison, alipojenga saa ya Brocklesby Park yapata mwaka 1722, hakutafuta mafuta bora; alitafuta kitu kisichoyahitaji. Penye kusuguana alitia lignum vitae, mti mgumu wa nchi za joto za Amerika, wenye mafuta ndani yake. Saa hiyo ingali yaenda. Mwaka 1854 John Penn naye alizungushia mhimili wa rafadha ya meli vipande vya mti huo, mahali ambapo shaba ililika upesi mno. Maji ya bahari yakatosha kuutelezesha. Basi mara nyingine fundi hashindi kwa kuongeza dawa, bali kwa kuchagua kiungo kisichougua.