Nzuguni: kijiji kilichofuatwa na jiji

Abiria anayeingia Dodoma kwa basi kutoka Dar es Salaam siku hizi anashukia Nzuguni. Hapo ndipo ilipo stendi kuu, na jirani yake Soko Kuu la Job Ndugai, lenye jina la aliyekuwa Spika wa Bunge na mbunge wa Kongwa. Wapo wanaodhani eneo lote hilo lilikuwa pori hadi stendi ilipojengwa. Sivyo. Nzuguni ilikuwa nchi ya Wagogo, yenye nyumba za tembe, mashamba ya mtama na uwele, na malisho ya ng'ombe, na mji ndio uliokuja baadaye.

Tena mji wenyewe si wa kale. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, na watemi waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwani katika nchi kavu mwenye kisima ndiye mwenye neno. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliionja hongo hiyo. Dodoma ilianza kuwa mji baada ya reli ya Wajerumani kufika mwaka 1910. Wakoloni waliwagawa wakazi wake kwa rangi, na mgawanyo huo haujafutika katika majina ya mitaa: Uzunguni, Uhindini, na Majengo walikokaa Waafrika.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Mpango mji wa mwaka 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Canada, ulitaka mji wa bustani na njia za mabasi. Maeneo mapya yakapewa herufi: Area A, Area C, Area D. Vijiji vya pembeni vilibaki na majina yao, lakini ardhi yao ikaingia kwenye ramani ya mji.

Hapa ndipo historia hii inapouma. Mkulima aliweza kurithi shamba kwa babu yake, akalilima miaka yote, kumbe kwenye michoro limeshakuwa barabara au viwanja vya watu wengine. Hata aliyepewa kiwanja alipata hati ya miaka 33 tu. Migogoro ikarundikana, hadi Rais Magufuli alipoivunja CDA tarehe 15 Mei 2017 na kuagiza hati ziwe za miaka 99. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulichelewa mno, maana wengi walikwisha kupoteza mashamba.

Kabla ya stendi, Watanzania wengi waliijua Nzuguni kwa maonyesho ya wakulima ya Nanenane. Wakulima na wafugaji wa Kanda ya Kati, Dodoma na Singida, hukutana katika viwanja vyake kila Agosti, na mwaka 2024 maonyesho ya kitaifa yalifanyika hapo. Kufikia wakati huo Serikali ilikuwa imehamia kweli. Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba mwaka 2019, mbele zaidi katika barabara ya Morogoro, ileile inayopita Nzuguni, na Nzuguni iliyokuwa ukingoni ikajikuta katikati ya safari za watumishi, kila asubuhi na jioni. Sensa zinaonyesha kasi ya kukua kwa Dodoma: watu 410,956 mwaka 2012 katika eneo ambalo sasa ni jiji, na 765,179 mwaka 2022. Hata maji, ambayo kwa miongo mingi Dodoma iliyategemea kutoka Mzakwe, sasa yanachotwa pia katika visima vilivyochimbwa Nzuguni na mamlaka ya maji, DUWASA.

Wapo wazee wa Nzuguni wanaokumbuka shamba la nani lilikuwa wapi, na nani alihamishwa. Kumbukumbu hizo hazimo katika ramani ya CDA. Halmashauri ya Jiji na vyuo vikuu vya Dodoma viwatafute wazee hao na kuandika maelezo yao sasa, wakiwa bado hai.