Namba ya kutokea katika skripti za majaribio

Namba ya kutokea ni taarifa ambayo kila amri huiachia sheli inapomaliza kazi katika mifumo ya jamii ya Unix. Huwa kati ya 0 na 255: sifuri humaanisha kwamba amri imefaulu, na namba nyingine huashiria hitilafu au jibu lenye maana yake maalumu. Sheli ya Bourne, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na Bash iliyofuata mwaka 1989, kwa kawaida huendelea na mstari unaofuata hata uliotangulia ukishindwa. Mwenendo huo unamfaa mtu aliyeketi mbele ya kioo, kwani huliona kosa na kulirekebisha papo hapo. Lakini skripti ya majaribio hujiendesha yenyewe. Kosa lisilonaswa ndani yake hugeuka ushahidi wa uongo kwamba programu ni nzima.

Chukua mstari <code>./majaribio | tee ripoti.txt</code>, unaohifadhi matokeo kwenye faili huku ukiyaonyesha. Jaribio likishindwa, programu ya kwanza hutoa 1, lakini sheli huchukua namba ya amri ya mwisho kwenye bomba. Hiyo ni <code>tee</code>, iliyoandika faili lake bila tatizo na kutoa 0, na seva inayoendesha majaribio, ikisoma namba hiyo, huipitisha kazi mbovu. Kinga yake ni <code>set -o pipefail</code>, ambayo hulihesabu bomba zima kuwa limeshindwa sehemu yake yoyote ikishindwa, ikiambatana na <code>set -e</code>, inayosimamisha skripti.

Wanaoipinga <code>set -e</code> wana hoja nzito. <code>grep</code> hutoa 1 isipoliona neno, na hilo ni jibu halali, lakini skripti hukatika. Tena <code>set -e</code> haifanyi kazi kwa amri iliyo ndani ya sharti la <code>if</code>. Hata hivyo, hoja hizo zinathibitisha tu kwamba kinga moja haitoshi. Hazihalalishi kuendelea kimyakimya. Mwandishi makini huandika <code>|| namba=$?</code> baada ya <code>grep</code>, kisha huipima: 1 ni jibu, 2 ni hitilafu. Uangalifu huo unahitajika zaidi pale jaribio linapotarajia amri ishindwe. Likikubali namba yoyote isiyo sifuri, litakubali pia 127, namba ya amri isiyopatikana, na hivyo litafaulu hata kama programu inayopimwa haijasakinishwa kabisa. Ndiyo maana jaribio linapaswa kutaja namba hasa linayoitarajia.