Mgeni Mlangoni

Somo: 1 Wafalme 8:41-43



Siku ile Sulemani alipoliweka wakfu hekalu la Yerusalemu aliomba maombi marefu. Aliwaombea watu wake watakaokosa, watakaopigwa na adui, watakaonyimwa mvua. Kisha, katikati ya maombi hayo ya Waisraeli, akamtaja mtu ambaye hakutazamiwa: mgeni, asiye wa taifa lao, aliyesikia sifa za Mungu huko kwao mbali akaja kuomba akiielekea nyumba ile. Sulemani alitaka mtu huyo asikilizwe sawasawa na mwenyeji. Nyumba ilikuwa mpya kabisa, na tayari mfalme alikuwa amemfikiria mgeni.

Mwaka 2025 kulitokea jambo Nairobi lililonirudisha kwenye somo hili. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, lilikuwa limemaliza kujenga hekalu lake la kwanza nchini Kenya. Kabla ya kuliweka wakfu tarehe 18 Mei, walifungua milango ili kila mtu apendaye aingie atazame. Kwa desturi yao wanaowapokea wageni siku kama hizo ni watu wa kujitolea, wakiwamo wamisionari waliotoka nchi nyingine kwa gharama zao au za jamaa zao. Baada ya kuwekwa wakfu, huingia washiriki wao wenye kibali tu. Sisi hatuna imani moja nao, wala sikusudii kubishana nao katika kipindi hiki. Lakini jambo hilo la kumkaribisha jirani kwanza lilinifanya niitazame milima yetu ya Taita, maana huku habari ilikwenda kinyume. Mmisionari ndiye aliyesimama nje, na wenyeji ndio waliokuwa na ufunguo.

Tukumbuke kwamba Wataita walikuwa na mahali patakatifu pao kabla mmisionari hajafika. Walikuwa na mbanga, yaani mapango ambamo mafuvu ya wazee wa ukoo yaliwekwa kwa heshima. Walikuwa na fighi, vichaka vitakatifu ambavyo kazi yake ilikuwa kuilinda nchi na adui na mabaya yatokayo nje. Hapakuwa mahali pa kupitapita, wala mgeni hakualikwa kutazama. Basi watu wenye ulinzi wa namna hiyo wangeweza kumrudisha mgeni njiani, na hakuna ambaye angewalaumu.

Hawakufanya hivyo. Mwezi Oktoba 1847 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, CMS, alitoka Rabai, akavuka nyika ya Taru isiyo na maji, akafika Kasigau, mlima ambao siku zile aliusikia ukiitwa Kadiaro. Yeye mwenyewe hakushika bunduki. Sifa yake katika safari zake ni ya mtu wa mwavuli. Wenyeji walimpokea kwa amani, akakaa kwao, akazungumza nao, akarudi salama. Mwaka uliofuata alipita tena katika nchi ya Taita akielekea Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyekuwa Mwislamu. Ndiyo safari aliyouona mlima Kilimanjaro na theluji yake, Mei 1848. Wataalamu wa Ulaya walimcheka kwa kusema pana theluji karibu na ikweta, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ilipita miaka thelathini na mitano. Mwaka 1883 akaja J. Alfred Wray, naye wa CMS, akapanda Sagalla, ule mlima tunaouona tukiwa Voi. Voi yenyewe haikuwa mji wakati huo. Reli ilikuja baadaye, karibu na mwisho wa karne. Wray alijenga nyumba yake juu huko. Waliomwona hawakuwa na haraka ya kuamini. Miaka mingi ilipita kabla Sagalla haijawa na Wakristo wa kuhesabiwa.

Mara ikaja njaa, ile iitwayo ya Mwakisenge, mwaka 1884 hadi 1885. Mvua ilikataa. Wapo waliosema kwamba mgeni ndiye aliyeizuia, na tusiwahukumu upesi. Mtu anayewazika watoto wake hutafuta sababu. Askofu James Hannington alipofika Taita mapema mwaka 1885 alikuta hali ya kusikitisha. Wray akashuka kwenda Rabai pamoja na baadhi ya watu wa Sagalla, nao wakapokelewa katika kituo cha misheni. Hapo sasa waliokuwa wenyeji wakawa wageni. Mimi naona kwamba huko Rabai, penye chakula, ndiko mlango wa nyumba ya Mungu ulikofunguka kwa watu hawa, kuliko penye mahubiri yote ya miaka miwili ya kwanza.

Wray alirudi Sagalla. Mwaka 1894 kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kitaita kilichapishwa London. Jina la mwandishi ni moja. Lakini mgeni hajifundishi lugha peke yake mlimani; kila neno mle ndani lilitoka kinywani mwa mtu aliyekubali kuketi naye na kulirudia mpaka alipolishika. Hao nao walikuwa watumishi wa kujitolea, tena bila kujua wanajitolea kwa nini. Baadaye kanisa lilienea Mbale, Wusi na kwingineko Dawida, na mwaka 1993 Taita Taveta ikapata dayosisi yake ya Kianglikana.

Watu wa Kasigau, waliotangulia kumpokea mmisionari, historia haikuwatendea mema. Mwaka 1915, vita ilipokuwa mpakani, Wajerumani walikishambulia kituo cha Waingereza hapo Kasigau. Serikali ya Kiingereza ikawashutumu wenyeji kwamba wamemsaidia adui, ikawakusanya wote, wazee na watoto, ikawahamishia upande wa Malindi. Wengi walikufa ugenini. Mlima ulibaki bila watu wake, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1930. Miaka sitini na minane kabla ya hapo walikuwa wamemkaribisha Mjerumani mmoja mwenye mwavuli, naye hakuwadhuru.

Ninapolisoma ombi la Sulemani nawafikiria hao walioshushwa Malindi, wakiuelekeza uso wao kwenye mlima wao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na sura hiyo hiyo kuanzia mstari wa 44, ambapo mfalme anawaombea watu waendao vitani.